Kamati, Tiketi na Orodha ya Wageni

Haya ni kwa ninyi mnaoishi kuuzunguka Mlima Kenya wetu: Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki, Kerugoya, Embu, hadi Chuka na Meru. Leo nataka kuzungumza na wanakamati, na huku kwetu mwanakamati ni karibu kila mtu mzima. Usipokuwa kwenye kamati ya harusi, uko kwenye ya mazishi. Ukiikwepa ya harambee ya kanisa, wanafunzi wenzako wa zamani watakutia kwenye yao. Na wiki hizi swali moja linazuka kila kamati ikikaa: tutumie programu gani?

Mara nyingi kijana wa kamati huwa na jibu tayari. Ameona bango la tamasha la Nairobi, na chini ya bango kuna kiungo cha kununulia tiketi. Anasema nasi tufanye vivyo hivyo. Wazee wanaitikia, kwa sababu hawataki kuonekana wamepitwa na wakati, na mama mweka hazina anaandika kwenye daftari lake: tiketi za mtandaoni. Hapo kamati imeshaamua jambo kubwa bila kulijadili.

Programu hizi ni za aina mbili. Kuna za kuuzia tiketi. Unafungua ukurasa wa shughuli yako, unaandika tarehe, ukumbi na bei, mteja analipa kwa M-Pesa au kwa kadi, anapokea msimbo kwenye simu, na siku yenyewe msimbo huo unasomwa langoni. Hapa Kenya tuna Ticketsasa, Mookh, mTickets na HustleSasa. Kutoka nje kuna Eventbrite, iliyoanza San Francisco mwaka 2006. Halafu kuna programu za kupangia shughuli: orodha ya waalikwa, nani amethibitisha, bajeti imefika wapi, nani anafuatilia tenti, nani atakaa meza gani. Nyingine ni za kulipia. Nyingine wengi wenu mnazo bure kwenye simu na hamzitumii, kama jedwali la Google Sheets na fomu ya Google Forms.

Tatizo ni kwamba kila upande hujisifu kwa kazi ya mwenzake. Wa tiketi watakwambia wana orodha ya wageni pia. Wa kupangia watakwambia hata malipo wanapokea. Ukisikiliza matangazo tu hutamaliza. Mimi nashauri kwamba kabla ya kuuliza bei ya programu yoyote, kamati ijiulize kama watu inaowatarajia inawajua au haiwajui. Kama mnawajua, kazi yenu kubwa ni orodha. Kama hamwajui, mnahitaji mtu wa kuwauzia tiketi. Sehemu kubwa ya mikutano ya Mlima Kenya ni ya watu wanaojuana, na ndiyo sababu nasema wengi wenu mnakimbilia tiketi bila sababu.

Hebu tutazame shughuli ambazo miji yetu imewahi kuzibeba. Tarehe 23 Mei 2015 Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Alikuwa amefariki mwaka 1930 huko Gikondi, Mukurweini, na watu wa Gikondi hawakumsahau. Siku ile umati ulikuwa wa maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyeuziwa tiketi, kwa maana misa haiuzwi. Lakini fikirieni kazi yenyewe. Mabasi ya parokia yaegeshwe wapi, wagonjwa na wazee wakae upande gani, kwaya ziingie kwa lango lipi, maji ya kunywa yatoke wapi, mtoto aliyepotea apelekwe kwa nani. Hayo yote ni ya upande wa kupanga, na hakuna programu ya tiketi duniani ambayo ingekusaidia nayo.

Au tuchukue maskauti. Robert Baden-Powell alifariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na akazikwa hapa hapa, na kila mwaka mwezi wa Februari vijana wa skauti hufika kaburini kumkumbuka. Mwalimu anayeshuka kwenye basi na watoto arubaini hajali tiketi. Anajali karatasi yenye majina arubaini, namba ya simu ya mzazi mbele ya kila jina, na alama ya nani ana pumu na nani hali karanga. Watoto wakipanda basi jioni, karatasi ile ndiyo inayomwambia kama wote wamerudi. Ukimpa mwalimu huyo chombo cha kuuzia tiketi, umempa mzigo.

Upande wa pili wa Mlima kuna mbio za Lewa, katika kaunti ya Meru, zilizoanza mwaka 2000. Watu hukimbia kilomita 21 au 42 ndani ya hifadhi yenye vifaru na tembo, huku askari wa wanyamapori wakiwa njiani na helikopta zikizunguka juu. Mkimbiaji hulipa ada, ni kweli, na kwa macho ya haraka ungesema amenunua tiketi. Lakini anachokifanya ni kujiandikisha. Waandaaji wanapaswa kujua ni nani aliye barabarani, anakimbia umbali gani, na nani aitwe akizirai. Malipo ni kitu kimoja tu kati ya vingi vinavyojazwa kwenye fomu ile.

Halafu kuna uwanja wa Kabiruini hapa Nyeri, wakati wa maonyesho ya kilimo. Hapo mambo ni mengine kabisa. Anayeingia langoni Kabiruini anaweza kuwa mkulima wa kahawa kutoka Othaya, mwanafunzi wa Karatina, au msafiri aliyekuwa akielekea Nanyuki akaona magari mengi akageuza. Hakuna kamati inayoweza kuwa na jina lake mapema. Huyu ni mtu wa tiketi, na lango lake linahitaji watu wa kuuza haraka, kupokea malipo haraka na kuhesabu sawasawa. Shughuli yako ikifanana na Kabiruini, usinisikilize tena kuhusu orodha. Nenda kaulizie tiketi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo nimeona kamati nyingi zikivunjika.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kamati zetu zilipata njia rahisi: namba ya mweka hazina. Kila mchango unaingia kwenye simu ya mtu mmoja, naye anausoma kikaoni. Hadi leo wengi hufanya hivyo, na kwa harusi ndogo ya kijijini haina neno. Lakini simu ya mtu ina kikomo. Akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauvuki 250,000. Kamati ikipokea fedha za watu mia tatu, simu hiyo itajaa, na wanaotuma baadaye watarudishiwa ujumbe kwamba haiwezekani. Tena mtu aliyetuma kwa namba ya mtu binafsi anaweza kuomba muamala ubatilishwe kwa kutuma ujumbe wake kwa 456. Na kuna jambo zito zaidi: pesa za kamati na pesa za karo ya watoto wa mweka hazina zimekaa pamoja. Hata akiwa mtu mwaminifu kuliko wote, mmemweka pabaya.

Namba ya Till ni nafuu kidogo, kwa kuwa ni ya biashara na hesabu yake ni tofauti. Lakini Till haimpi mlipaji nafasi ya kuandika analipia nini. Paybill inampa, pale panapotakiwa namba ya akaunti. Nafasi hiyo ndogo ni muhimu mno. Mwambie kila mtu aandike jina lake na meza yake, au jina la parokia yake, au mwaka aliomaliza shule, na taarifa ya Paybill itakuwa tayari ni nusu ya orodha ya wageni. Kamati iliyo na Paybill na jedwali moja linalofunguliwa na watu watatu imeshapata chombo cha kupangia, na haijamlipa mtu asilimia.

Kwenye programu ya tiketi, pesa hupita kwa mwenye programu kwanza. Yeye hukata sehemu yake, kisha hukutumia. Ni haki yake, kazi amefanya. Swali la kumuuliza mapema, na kwa maandishi, ni siku gani atakutumia. Wengine hulipa kadiri mauzo yanavyoingia, wengine hushikilia hadi shughuli ipite, ili ikighairiwa waweze kuwarudishia wanunuzi. Kwa mnunuzi hilo ni jema. Kwa kamati isiyo na akiba ni shida, kwa sababu mwenye tenti anataka malipo ya awali, mwenye vyombo vya muziki vile vile, na mpishi hawezi kwenda soko la Karatina na ahadi. Mnaweza kuwa mmeuza tiketi za laki nne na msiwe na shilingi ya kununulia viazi. Kama fedha za kuendeshea shughuli zitatoka kwenye tiketi zenyewe, basi siku ya malipo ni muhimu kuliko kiwango cha asilimia, na ningechagua anayekata zaidi kidogo lakini analipa kabla.

Ulizeni pia kama wanapokea M-Pesa moja kwa moja, ujumbe wa kuweka PIN ukajitokeza kwenye simu ya mteja. Programu ya ng'ambo inayotaka kadi ya benki itawafukuzia nusu ya wateja wa Nyeri kabla hawajaona bei.

Nieleze kidogo habari ya sahani, kwa kuwa ndizo zinazokula pesa. Tuseme ni karamu ya wanafunzi wa zamani wa shule fulani ya upili. Kwenye kundi la WhatsApp watu 250 wameandika kwamba watakuja, na kila mmoja ameweka ishara ya mikono inayopiga makofi. Mpishi anataka 1,200 kwa sahani, kamati inaagiza sahani 250, ambazo ni shilingi 300,000. Siku ikifika wanakuja 170. Sahani themanini hazina mwenyewe, na shilingi 96,000 zimepotea. Hasara hiyo haikutokana na kukosa tiketi. Imetokana na kuhesabu ishara za WhatsApp kama ahadi. Jedwali lenye safu tatu, yaani aliyesema anakuja, aliyelipa amana, na aliyethibitisha wiki ya mwisho, lingeonyesha mapema kwamba watu wa uhakika ni kama 180, na mpishi angeagizwa sahani 190. Mweka hazina akipiga simu kumi kila jioni kwa wiki moja, ameokoa pesa nyingi kuliko programu yoyote.

Je, nani basi ninamshauri atumie programu ya tiketi bila kusita? Wasanii. Wanamugithi, wachekeshaji, vikundi vya maigizo, kwaya zinazouza tamasha kwa watu wa madhehebu yote. Pale Nyeri mjini kuna bustani ya Whispers, iliyopewa jina kwa heshima ya Wahome Mutahi, mwandishi wetu aliyefariki mwaka 2003. Wengi wanamkumbuka kwa safu yake ya gazeti, Whispers, lakini yeye na wenzake walifanya jambo jingine kubwa: walichukua maigizo ya Kikuyu wakayapeleka kwenye mabaa, mahali watu walipokuwa tayari wamekaa. Mtazamaji alilipa mlangoni, akaangalia, akaenda nyumbani. Kikundi kikirudi mji ule mwaka uliofuata, kilianza upya kutafuta watu wale wale.

Kikundi cha namna hiyo leo kingeweza kuondoka na kitu cha thamani kuliko mapato ya usiku mmoja, nacho ni namba za simu za watu waliolipa kuwaona. Watazamaji mia mbili wa Nyeri, mia moja na hamsini wa Nanyuki, mia wa Embu. Onyesho jipya likiwa tayari, ujumbe mmoja unawafikia. Hapa ndipo ninapowaomba wasanii wasome mkataba wa programu ya tiketi polepole. Tafuteni mstari unaosema taarifa za wanunuzi ni za nani. Baadhi ya programu zitakupa orodha yote ya wateja wako uipakue. Nyingine zitakupa idadi na pesa tu, na majina yatabaki kwao, watangaze kwayo tamasha la mtu mwingine. Kule Marekani kampuni ya Ticketmaster iliungana na Live Nation mwaka 2010, na serikali ya huko ikawashtaki mwaka 2024 ikidai wameziba soko. Sisi hatujafika huko, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kudai orodha yako.

Ukishaipata, uitunze kisheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi ya Kamishna wake haichezi. Mwaka 2023 klabu moja ya burudani Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Kwa hivyo kwenye fomu yako weka kisanduku cha mtu kukubali kupata ujumbe wa baadaye, na asiyekubali mwache. Kamati ya skauti au ya shule za Jumapili, msitupie orodha ya watoto na namba za wazazi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Orodha ile ikae kwa watu wawili.

Harambee niipitie haraka. Kwa mchango wa matibabu au karo, aina hizi zote mbili za programu si mahali pake. Ziko njia zilizotengenezwa kwa michango, kama M-Changa, ambapo kila mchangaji anaona jumla ikipanda na taarifa inabaki. Usimuuzie mtu tiketi ya kumsaidia mgonjwa.

Nirudi langoni, kwa sababu tiketi nzuri inaweza kufia hapo. Mwezi wa Agosti 2025 tulipokuwa miongoni mwa wenyeji wa mashindano ya soka ya CHAN, tiketi ziliuzwa mtandaoni. Siku Harambee Stars walipocheza na Morocco pale Kasarani, watu wasio na tiketi walivunja mpangilio wakaingia. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likajibu kwa kuweka kikomo cha mashabiki 27,000 kwa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia, na kukataza tiketi za karatasi, za kielektroniki tu zikubaliwe. Mashabiki waliolipa kihalali waliadhibiwa kwa udhaifu wa lango. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa Kasarani, na polisi wote wale, kamati ya ukumbi wa Nanyuki ijiulize mlango wake una nguvu gani.

Nimesimama kando ya malango ya kutosha katika miji hii kujua yanavyokwama. Saa mbili usiku, manyunyu yanaanguka, foleni imefika barabarani. Kijana wa kusoma misimbo ana simu moja, na betri yake iko asilimia kumi na tisa. Watu wengi wamewasha intaneti mahali pamoja, mtandao umezama, msimbo unazunguka tu kwenye kioo. Nyuma watu wanaanza kusukumana. Baunsa anachoka, anafungua kamba, na kuanzia hapo aliyelipa na asiyelipa ni sawa. Kwa hivyo muulize mwenye programu kama simu ya langoni inaweza kusoma tiketi bila intaneti, ikiwa imepakua orodha mapema. Akisita, tafuta mwingine. Kuwe na simu tatu, betri za akiba, na lango la pili kwa wenye kununua papo hapo.

Hao wa papo hapo nao wana mtego wao. Mtu anakuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake: amelipa, jina la biashara ni lako, kiasi ni sawa. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kutengenezwa na yeyote. Anayekagua asiangalie simu ya mteja hata mara moja. Aangalie simu ya Till au ya Paybill, aone pesa zimeingia, ndipo aseme karibu.

Na kuna shangazi yangu, na shangazi yako. Amelipa mapema kupitia mjukuu, lakini mkononi ana kabambe, simu ya vitufe. Msimbo uko kwenye simu ya mjukuu aliyeko Mombasa. Programu nyingi za tiketi hazikumfikiria mtu huyu, ila katika miji yetu yeye ndiye anayejaza viti vya mbele kwenye tamasha la kwaya na kwenye uzinduzi wa kitabu cha Kikuyu. Dawa yake ni karatasi. Chapisheni majina ya wote waliolipa, yapangwe kwa herufi, na karatasi ikae kwenye meza yenye taa, pamoja na binti mvumilivu wa kuisoma na kalamu ya kuweka alama. Ichapishwe mara tu mauzo ya mtandaoni yanapofungwa, jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa sababu orodha ya wiki iliyopita haitakuwa na jina la shangazi aliyelipiwa jana.